Maji Niliyoyafunga

Mimi ni mwanamke wa kushuku, na sioni haya kusema. Ukiniletea gunia la mahindi pale Majengo, naingiza mkono mpaka kwapani kabla hatujamaliza kusalimiana. Nimeshakuta mawe humo, nimeshakuta pumba, na siku moja nilikuta kandambili ya mtu mzima. Sokoni wananiita polisi, na mimi naitika. Kwa hiyo nikikwambia kwamba mara moja maishani nilimshuku asiyestahili, na kwamba nusura aliyeshukiwa afe kwa ajili yangu, ujue sisemi kwa kupenda.

Aliyeshukiwa ni kaka yangu, kaka wa tumbo moja. Baba alitaka awe padri, akampeleka seminari, akarudi kidato cha nne na Kiingereza chake bila upadri. Akashika jembe kama sisi wote. Ikaja miaka ya ruksa, kila mtu akaambiwa anunue anapotaka na auze anachotaka, naye akaliegemeza jembe ukutani akatelemka bondeni hadi Muze, kwa Wasukuma waliohamia kule na mifugo yao. Akanunua mafahali wawili, akawapandisha mlima kwa miguu mpaka Sumbawanga. Mwaka uliofuata akapandisha kumi. Kwetu ni watu wa mahindi na ulezi, ng'ombe tuliwajua kwa kulima tu. Mama alisema mwanawe amebadili kabila, ila bati lilipopanda juu ya nyumba yake hakusema tena.

Mimi wakati huo nilikuwa na meza ya mitumba. Siku za mnada nilikuwa naifunika turubai nakwenda kumsaidia kaka kuangalia mifugo, na huko ndiko nilikoona jinsi ng'ombe anavyoandaliwa. Jioni ya kuamkia mnada alikuwa anawalambisha chumvi. Walilamba mpaka ndimi zikakauka. Asubuhi anawapeleka mtoni. Ng'ombe aliyelala na chumvi hanywi, anajaza. Walikuwa wanatoka pale matumbo yamekaza, ngozi inang'aa, wanatembea taratibu kama wajawazito. Mnunuzi anamzunguka, anampiga kofi la ubavuni, anaridhika. Kesho yake yule ng'ombe amekojoa njia nzima na mbavu zake zimerudi.

"Kaka, huu si wizi?" nilimwuliza siku moja.

Akacheka. "Sijamdanganya mtu. Nimemfanya awe mzuri tu."

Neno hilo nililiweka. Sikujua nitalitumia wapi, lakini mimi situpi kitu.

Ugonjwa wake ulianzia usoni. Akiamka, macho yamevimba. Mchana uvimbe umeshuka miguuni, ukibonyeza kidole kwenye muundi shimo linabaki. Akaanza kutapika, akaanza kujikuna ngozi usiku na mchana, akipanda kilima kidogo tu anahema. Mama alisema ni watu wa mnadani wamemwonea kijicho. Mimi nilishuku kila mtu, wa mnadani, mganga aliyeletwa kumtibu, hata dawa za mizizi za mama mwenyewe. Hospitali ya mkoa ikampa rufaa ya Dar es Salaam, na huko wakasema figo zake zote mbili zimekwisha kazi. Dawa iliyobaki ni kuwekewa figo ya mtu mwingine, na hiyo mpaka India. Kaka akauza ng'ombe wote, na safari ile hakuwanywesha. Hakuwa na nguvu za kufika mtoni.

Kilichomtesa kuliko yote ni kiu. Figo zikifa, maji yakiingia hayatoki, kwa hiyo aliruhusiwa kikombe kimoja kidogo kwa siku nzima. Alikuwa anakinywa kwa kijiko. Mama alimwonea huruma akamnywesha togwa kwa siri, kibuyu kizima, na kabla ya jua kuzama kaka alikuwa amekaa kitako anatafuta pumzi, sisi tunapepea. Toka siku hiyo nilijua maji yanaweza kumuua mtu aliye nchi kavu.

Tulipimwa damu watoto watatu. Mimi ndiye niliyelingana naye. Nilikubali palepale, na mtu asifikiri nililazimishwa. Kaka mwenyewe aliniita pembeni, uso umevimba, akasema, "Mdogo wangu, ukiona huwezi, niambie. Hata tukiwa mlangoni, wewe ghairi tu. Sitakuuliza kwa nini." Nikamwambia aache maneno ya kijinga, atafute pasipoti.

Lakini tatizo langu ni masikio. Jirani yangu wa meza, mama mmoja aliyekuwa anauza vitenge, alinivuta mkono siku naaga. Akaniambia amesikia kwamba huko nje mtu anaingia na figo mbili anatoka hana hata moja. Moja wanampa ndugu yako, ya pili wanamwuzia tajiri. "Na wewe umelala usingizi wa dawa," akasema, "utajuaje?" Nilimcheka mbele yake. Ndani ya ndege sikucheka.

Hospitali ile ilikuwa na sakafu zinazong'aa na harufu ya dawa ya chooni. Watu wote walikuwa wapole mno, na upole wa mtu nisiyemjua huwa unanipa homa. Kiswahili hakuna, Kifipa usiseme. Mimi Kiingereza changu kiliishia darasa la saba, ndiyo na hapana na asante, kwa hiyo mkalimani wangu alikuwa kaka. Siku ya kwanza daktari, mzee mmoja mwenye miwani ya kamba, alikaa kwenye kiti mbele yangu akaongea robo saa nzima. Akachora kwenye karatasi, akaonyesha kiuno changu, akaonyesha cha kaka, akahesabu vidole. Alipomaliza, kaka akanigeukia.

"Anasema usiogope."

"Robo saa yote ile?"

"Ndiyo maana yake."

Sasa nikuulize wewe unayesoma, ungelala? Mimi sikulala. Kumbuka huyu ni mtu niliyemwona mnadani akizungumza na wanunuzi. Nilijua anavyofupisha mambo akitaka jambo lipite.

Siku moja kabla ya upasuaji daktari alirudi, akaongea tena kwa kirefu. Safari hii tafsiri ilikuwa kwamba ninywe maji mengi sana leo, na kesho asubuhi watanitundikia dripu, chupa tatu.

"Mimi siumwi," nikasema. "Mgonjwa ni wewe, unanyimwa maji unalia. Mimi mzima ndiyo wanijaze?"

Kaka alikuwa amechoka, midomo imepasuka kwa kiu. Akasema, "Ni ili figo iwe nzuri."

Iwe nzuri. Aliisema kwa sauti ileile ya mnadani. Nikawaona mafahali wale wa mtoni, matumbo yamekaza, na yule mnunuzi akipiga kofi ubavuni. Nikasema moyoni, kumbe yule mama wa vitenge hakuwa na wazimu. Naandaliwa. Na mtu anayenipeleka mtoni ni ndugu yangu.

Hasira niliyokuwa nayo siku ile bado naikumbuka. Lakini sikughairi. Hilo ndilo watu hawanielewi nikilisimulia. Figo ya kaka nilishaitoa moyoni, apewe, apone, anijibu baadaye. Niliyokuwa naizuia ni ile ya pili. Nikapiga hesabu yangu ya kijinga kwamba wa kwetu ataipokea hata ikiwa kavu, kwa sababu ni damu yake, lakini tajiri atakayekuja kuchagua hatachukua kitu kilichosinyaa. Ng'ombe asiyenyweshwa hanunuliwi. Basi lile jagi la maji waliloniletea nikalimwaga kwenye sinki, glasi moja baada ya nyingine, nikawaonyesha jagi tupu. Muuguzi akatabasamu, akaandika.

Asubuhi wakatulaza chumba kimoja, kaka kitanda cha dirishani, mimi cha mlangoni, katikati pazia lisilofika mwisho. Wakanichoma sindano mkononi, wakatundika chupa ya kwanza. Kwenye ule mrija kuna kigurudumu kidogo cha plastiki. Ukikisukuma chini maji yanakatika, ukikirudisha juu yanashuka. Nilikuwa nimemwangalia muuguzi vidole vyake. Alipotoka tu, nikasukuma. Matone yakasimama. Nikisikia viatu kwenye korido narudisha, viatu vikipita nasukuma tena. Kaka alikuwa amelala ubavu, nikidhani amegeukia dirisha. Saa zikaenda hivyo. Wauguzi walibadilishana zamu, na yule mpya alikuta watu wa machela wameshafika, chupa ya kwanza haijafika hata nusu. Akashtuka kidogo, akaitungua, akaandika haraka kwenye karatasi yake. Baadaye nilikuja kujua aliandika kwamba zote tatu zimeingia.

Nilipozinduka jambo la kwanza nililofanya ni kupapasa. Kushoto bandeji. Kulia hakuna kitu, ngozi yangu nzima, kama nilivyotoka nayo Sumbawanga. Nikapapasa tena, kisha mara ya tatu. Walichukua moja tu. Aibu ilianza pale, ila nilijiambia labda ni kwa sababu niliwahi kufunga.

Siku ya pili nikauliza habari za kaka kwa mikono, wakaniitikia kwa vichwa, wakatabasamu. Sikupenda tabasamu lile. Siku ya tatu wakanivalisha kitambaa cha mdomo, wakanikalisha kwenye kiti cha magurudumu, wakanisukuma kwake.

Alikuwa amevimba tena, kama siku za kibuyu cha togwa. Kando ya kitanda ulining'inia mfuko wa mkojo na mrija wake. Figo yangu ilitakiwa kuujaza mfuko ule tangu siku ya kwanza, hata mimi nilishalielewa hilo. Chini kabisa kulikuwa na kitu kama vijiko viwili, chekundu. Mashine ya kusafisha damu ilikuwa imesimama tena karibu naye.

Daktari alikuwepo. Safari hii kaka alitafsiri polepole, kwa pumzi fupi. Figo haijaamka. Kuna mambo mawili. Yawezekana mwili unaikataa, na kama ndivyo, kesho watamfungua tena kuangalia na kumpa dawa kali sana ambazo daktari hana hakika kama mgonjwa atazihimili. Au figo imelala tu, kwa sababu ilitoka kwa mtu aliyekauka. Figo iliyotolewa kwenye mwili mkavu huzimia, na dawa yake ni kusubiri. Ndiyo maana mtoaji hujazwa maji, iingie kwa mwenzake ikiwa macho, ianze kazi palepale. Lakini karatasi zinaonyesha mtoaji alipata maji yake yote. Kwa hiyo wanaona ni lile la kwanza.

Daktari akanitazama mimi, akauliza swali fupi. Kabla sijageuka, kaka akamjibu mwenyewe, kwa neno moja, na neno hilo nililijua. Alimwambia ndiyo.

"Ameuliza nini?"

"Hakuna kitu."

"Kaka, ameuliza nini?"

Alitazama dari. Akanijibu kwa Kifipa, kama nyumbani. "Ameuliza kama maji yote yaliingia. Nimemwambia yaliingia."

"Umejuaje kama yaliingia?"

Akasema, "Hayakuingia. Nilikuona. Pazia lilikuwa halifiki."

Akaendelea taratibu, kama anayeomba radhi. "Nilidhani umeghairi unaogopa kusema. Nilikuambia sitakuuliza kwa nini. Nikangoja uwaambie watu wa machela, hukusema, nikaona basi, umeamua vinginevyo. Sasa nikianza kukusema leo, huku ugenini, watakuonaje?"

"Watakufungua kesho kwa ajili ya uongo huo."

"Waache."

"Mwambie."

"Sisemi."

Kiburi cha nyumbani kwetu nakijua, ninacho. Sikubishana naye tena. Nilijisogeza na kiti changu mpaka kwenye mti wa dripu yake, mshono unanichana, nikashika kile kigurudumu mbele ya macho ya daktari. Nikajigusa kifua, mimi. Nikaonyesha mkono wangu ulipokuwa umechomwa. Nikasukuma kigurudumu chini, matone yakasimama. Nikairudia mara mbili, mimi, hivi, na machozi yananitoka bila ruhusa. Halafu nikakirudisha juu.

Daktari alivua miwani. Akamwuliza kaka kitu, na kaka, sasa akiwa hana pa kukimbilia, akamweleza. Nilitegemea kufokewa. Mzee yule aliomba karatasi, akakikata kwa mstari kitu kilichoandikwa. Kesho yake hawakumfungua.

Wakasubiri. Mashine inamsafisha, inaondoka, inarudi. Mimi nilikuwa nakunywa maji kama mwendawazimu, jagi baada ya jagi, na figo yenyewe haimo tena ndani yangu. Kila asubuhi nilikuwa nasukumwa mpaka kwake, natazama mfuko kabla ya kutazama uso wake. Vijiko viwili. Vijiko vitatu. Siku ya saba, nusu kikombe. Nilishuku wamemwagia wenyewe ili ninyamaze, nikakaa pale nautazama mrija mpaka nikaona mwenyewe tone likishuka, la njano, safi. Likafuata lingine. Siku ya tisa mfuko ulijaa wakaubadilisha, ukajaa tena.

Kaka alikuwa anacheka mwenyewe kitandani. Wakamletea glasi nzima ya maji, ya kwanza kwa miezi mingi, akainywa na macho yamefumba. Ndipo akaniuliza. "Ulikuwa unawaza nini, lakini?"

Nikamweleza yote. Chumvi, mto, mafahali, mama wa vitenge, figo ya pili, tajiri, tafsiri zake fupi, lile neno lake la nzuri. Alicheka mpaka akashika mshono. Mimi pia nikacheka, kwa nafuu. Halafu kicheko chake kikakatika katikati.

"Kwa hiyo ulidhani nakuuza," akasema.

Akageukia dirisha, akasema amechoka, anataka kulala.

Hakuwahi kulitaja tena. Tulirudi Sumbawanga, mama akatupokea kwa kupiga goti na makofi kama wageni wa heshima, kwaya ikaimba kanisani. Mama hakuambiwa kitu.

Miezi baadaye, wakati wa baridi, upepo wa Ufipa unapita chini ya mlango, tulikuwa jikoni kwa mama tumezunguka moto, ikaja barua kutoka kwa yule daktari. Kaka alikuwa amepeleka vipimo, hili lilikuwa jibu. Akaifungua, akaanza kutusomea kwa Kiswahili. Alisoma anwani. Alisoma namba ya sanduku, akasoma tarehe, akasoma namba ya jalada tarakimu moja moja. Akasoma jina la mtaa. Alipofika kwenye barua yenyewe hakuruka neno. Palipofutwa akasema, "Hapa amefuta, sijui aliandika nini." Palipokuwa na mkato akasema kuna mkato.

Mama akaanza kucheka. "Mwanangu, hata stempu utatusomea?"

"Hata stempu," akasema, akageuza bahasha akatueleza picha iliyokuwepo. Hakuwa anatania. Hakunitazama hata mara moja.

Barua ilisema figo inafanya kazi vizuri kuliko walivyotegemea. Mwisho ilisema dada naye asisahau kunywa maji ya kutosha, kwa sababu amebaki na moja. Alipomaliza akaikunja, akaninyooshea.

"Shika," akasema. "Uhakikishe."

Niliishika barua ya Kiingereza nisiyoweza kuisoma, nikaitazama juu mpaka chini, nikamrudishia. Mama, asiyejua kitu, alichota kikombe cha maji mtungini akanipa, daktari si amesema. Yalikuwa ya baridi, yanauma meno. Nikayanywa yote, kaka akinitazama mpaka tone la mwisho.